Tofauti ya 2,700

Kazi yangu ya kwanza nilianzia idara ya uhasibu, na kipindi cha mwanzo pale nilikuwa kama sipo. Unapewa kiti, unapewa paswedi ya kompyuta, halafu basi, we kaa hapo uangalie wenzio wanavyofanya, sasa unaangalia nini wakati kila mtu kainamia skrini yake na ukiuliza unaambiwa subiri kidogo nimalizie hii. Orientesheni nilipewa, siku nzima ya pawapointi, nakumbuka logo tu. Kazi yangu ikawa kutoa kopi, kupanga vocha, zile karatasi za malipo, kwa tarehe na kujifanya niko bize.

Kulikuwa na dada mmoja, mhasibu mwandamizi, maneno machache, wengi walikuwa wanamwogopa. Tunakaribia kufunga hesabu za mwezi akaja na stetimenti ya benki, akaniuliza, mdogo wangu, ushawahi kulinganisha benki na kitabu cha fedha? Yaani unachukua stetimenti ya benki na kitabu chetu tunachoandikia pesa inayoingia na kutoka, unaangalia kama vinakubaliana. Nikamwambia darasani ndio dada. Akaniwekea makaratasi mezani, haya anza, akaondoka zake.

Nikaanza. Hundi tulizotoa ambazo wenyewe hawajazipeleka benki nikaziweka pembeni, makato ya benki ambayo sisi hatujayaandika nikayaingiza, yale mambo ya kawaida. Mwisho ikabaki tofauti ya 2,700, haitoki, nimejumlisha juu kushuka na chini kupanda, iko palepale.

Aliporudi nikajua atachukua mausi amalize mwenyewe, maana ndo walivyokuwa wanafanya wengine, ukikwama tu anakusogeza, anabofyabofya harakaharaka, "umeona eeh?", na wewe hujaona kitu. Yeye akavuta kiti, akakunja mikono, haya nieleze umepita wapi na wapi. Nikaeleza mpaka mwisho hajanikatiza. Halafu akauliza, hiyo 2,700 ukigawanya kwa 9 unapata ngapi? Nikapiga kalkuleta, 300 kamili. Basi kuna namba mtu kaigeuza, tafuta. Akanyamaza.

Ni hesabu ya kawaida tu kumbe: ukipishanisha tarakimu mbili zilizokaa jirani, 85 ukaandika 58, tofauti lazima igawanyike kwa 9 bila kubaki kitu, iwe kwenye makumi au kwenye maelfu. Ikigoma kwa 9, alinifundisha siku nyingine, igawe kwa 2 utafute hiyo nusu, kwa sababu kiasi kikiingia debiti badala ya krediti, yaani upande usio wake wa hesabu, tofauti inakuwa mara mbili yake. Sio kwamba ni uhakika, ila inakupunguzia pa kutafuta. Chuo hawakutuambia hii, au waliisema siku nimesinzia.

Nikashuka na kidole mstari kwa mstari, na yeye kakaa palepale na kazi zake zinamsubiri, siku za kufunga mwezi hizo, yaani angeikuta kwa dakika mbili na akili yangu ingebaki ilivyokuwa. Mpaka nikaikuta, benki wamelipa 8,520, kwetu aliyeingiza kaandika 5,820. Akaitikia kwa kichwa tu, akainuka.

Kikaoni meneja akamuuliza yeye, ile tofauti ilikuwa nini? Angejibu kwa sentensi moja yakaisha. Akasema muulize huyu hapa, ndo kaipata. Sauti inanitetemeka, vocha mkononi, nikaeleza, meneja akauliza na jinsi ya kurekebisha, nikajibu nayo. Kusema kweli hiyo ya kikaoni naiheshimu kuliko hata ile ya 9, maana wakubwa wengi watakufundisha vizuri kabisa, ila sifa zikifika mezani wanazipokea wao.

Toka mwezi ule kazi ya kulinganisha benki ikawa yangu. Yeye kazi yake ikawa kusaini, na kabla hajasaini anachagua mistari michache, anaitia tiki kwa penseli, hii nieleze, na hii. Nikawa nabashiri atachagua ipi, naiandaa vizuri kabisa na vocha zake, halafu anairuka.