Kilo 90, namba niliyoipigania baada ya upasuaji

Uzito wangu ni kilo 90 na sina mpango wa kushuka zaidi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila nikiitaja hiyo 90, mtu hunyamaza akisubiri niendelee: 90 kwa sasa, halafu? Halafu basi. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito miaka mitatu iliyopita nikiwa na kilo 128 na urefu wa mita 1.65. Hiyo 90 nimeifikia, nikashuka chini yake kidogo, nikarudi, nikatulia hapo. Hakuna cheti chochote nilichonacho ninachojivunia kama hicho.

Upasuaji wenyewe sitauelezea sana. Ni ule wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu asilimia 80, unabaki mrija mwembamba. Akiba ya miaka kadhaa ilikwenda hapo. Wiki za kunywa vimiminika, kisha vyakula laini, kila aliyepitia anazijua. Ninachotaka kueleza ni namba, maana namba ndiyo iliyonitesa kuliko kisu.

Siku ya kwanza kliniki, kabla hata sijamwona daktari, mhudumu alinipima urefu, akatazama jedwali ukutani, akaandika kwenye kadi yangu: uzito unaotakiwa, 68. Haikumchukua hata nusu dakika. Hakuniuliza umri, wala kama nimewahi kuwa na kilo 68 maishani. Nikaibeba ile kadi kwenye pochi kama hati ya nyumba, na kwa zaidi ya mwaka mzima nikaamini kwamba chochote kilicho juu ya 68 ni kushindwa.

Ile 68 ilitoka kwenye BMI. Unachukua kilo zako, unagawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ikiwa chini ya 25 jedwali linakuita wa kawaida, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mimi nilianza na 47. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba aliyebuni hesabu hiyo, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hisabati na takwimu wa karne ya 19, akitafuta jinsi ya kumweleza binadamu wa wastani. Jina la BMI lenyewe lilikuja mwaka 1972 kupitia Ancel Keys. Ni kipimo kinachofaa kulinganisha makundi ya watu. Hakijui kilo zako ni misuli, ni mafuta, au ni ngozi iliyolegea baada ya kupungua, na mtu aliyepungua makumi ya kilo anabeba ngozi hiyo popote aendapo. Yangu inaning'inia tumboni na mapajani mpaka leo, na mizani inaipima kama kitu kingine chochote.

Ushauri wa pili mbaya ulitoka kwa watu wanaonipenda. Nunua nguo ya ndoto, wakaniambia, itundike unapoiona kila asubuhi. Nikanunua gauni la mtu wa kilo 60 na kitu, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba. Miezi ya kwanza lilinipa moyo kwelikweli. Nilikuwa nashuka kwa kasi: mwezi wa kwanza 117, wa tatu 106, wa sita 97. Kati yake kulikuwa na siku kumi na moja, kwenye wiki ya tatu na ya nne, ambazo mizani haikusogea hata gramu, nikalia usiku nikidhani mfuko umetanuka. Haukuwa umetanuka. Mwili ulikuwa umemaliza kutoa maji yaliyohifadhiwa pamoja na akiba ya sukari ya misuli na ini, sasa unajipanga upya. Ukifika hapo usiguse chochote, endelea na protini yako na maji yako, utaona.

Mwezi wa tisa nikawa na 91. Wa kumi na moja, 88. Hapo kasi ikafa. Wiki nzima nusu kilo, wiki nyingine hakuna. Mimi nikatazama kadi, nikatazama gauni, nikahesabu: bado kilo 20. Nikaamua kuzitoa kwa nguvu.

Wiki sita zile nazikumbuka siku kwa siku. Nilipunguza chakula mpaka kikombe kimoja asubuhi na kingine jioni. Protini, ambayo niliambiwa isishuke chini ya gramu 60 kwa siku, ilikuwa labda 30. Vidonge vya vitamini nikawa naviruka kwa sababu vilinichafua tumbo likiwa tupu, na lilikuwa tupu muda wote. Natembea saa moja na nusu kila siku, nikirudi napanda mizani, jioni napanda tena, usiku nikishindwa kulala napanda tena. Nywele zilizokuwa zimenyonyoka mwezi wa nne zikaacha, kama wengi inavyowatokea, zikaanza kunyonyoka upya. Nikawa na baridi nyumbani ambako kila mtu anavua sweta. Siku moja nikipanda ngazi za kazini, nikiwa na faili tu mkononi, giza likanijia, nikakaa chini katikati ya ngazi na watu wakanipita wakiuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Usiku ule nilikuwa 84, na kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni ni furaha.

Kesho yake mtaalamu wa lishe aliniita, kwa sababu majibu ya damu yalikuwa yamerudi: akiba ya madini ya chuma chini, damu chini, vitamini B12 chini. Akanipeleka kwenye kipimo kile cha kutenganisha mafuta na misuli. Bei yake haikunishtua, na kama kipo mnakotibiwa kifanyeni mapema, msisubiri kama mimi. Zile kilo nne nilizozitoa kwa wiki sita, zaidi ya nusu hazikuwa mafuta. Nilikuwa nimeila misuli yangu mwenyewe ili kulifikia jedwali.

Yule mama hakunigombeza. Alivuta kiti, akachukua karatasi, akaniuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa siku ile ya kwanza: tangu uwe mtu mzima, uzito mdogo kabisa uliokaa nao mwaka mzima bila kujinyima ulikuwa upi? Nikafikiri. Nilikuwa na miaka 25, kilo 86. Na 68 ulikuwa nayo lini? Nikiwa na miaka 14.

Halafu akapiga hesabu mbele yangu. Watu wengi waliofanyiwa upasuaji kama wangu, akasema, hupoteza kama robo ya uzito waliokuwa nao, wengine hukaribia asilimia 30. Robo ya 128 ni 32, unabaki na 96. Asilimia 30 ni 38 na ushee, unabaki na kama 90. Ili ufike 68 unatakiwa kupoteza asilimia 47 ya mwili wako. Akaizungushia hiyo 47 kwa kalamu mara mbili. Kuna wanaofika huko, akasema, lakini huwezi kumpangia mtu lengo kwa kuangalia wachache waliokimbia mbele ya wote.

Nikamuuliza, nikiwa na hasira kwa kweli, kama basi nilikatwa bure. Akaniambia habari ya utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987, uliofuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu yao wamefanyiwa upasuaji na nusu hawakufanyiwa. Waliofanyiwa walishuka mpaka chini kabisa ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, kisha wakapanda kiasi, kisha wakatulia. Hata wale wa baipasi, upasuaji mwingine unaokipitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo, waliopungua kuliko wengine, baada ya miaka 10 walikuwa wamekaa kama asilimia 25 chini ya walikoanzia. Hawakuwa wembamba wa kwenye jedwali. Na bado matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache kwao kuliko kwa wale ambao hawakupasuliwa. Nilitoka mle na lengo jipya: kati ya 88 na 93, katikati yake 90.

Niseme ukweli, kichwa kilikubali siku ile, moyo haukukubali mpaka nilipofanya jambo la ndoo.

Ilikuwa Jumamosi, nyumba iko kimya. Nilikuwa nimerudi 87 baada ya kula vizuri, na nilikuwa nimeumia kwa hizo kilo tatu zilizorudi. Nikawaza: 128 kutoa 90 ni 38. Lita moja ya maji ni kilo moja. Nikachukua ndoo mbili kubwa, nikapima kwa chupa ya lita moja, moja baada ya nyingine, kumi na tisa kwenye ndoo hii, kumi na tisa kwenye ile. Nikasimama katikati yake, nikashika mikono yote miwili, nikainua. Ziliondoka sakafuni kama upana wa vidole vitatu, nikaziweka. Nikainua tena, nikatembea hatua sita, nikaziweka. Nikaacha moja, nikabeba moja tu kupanda ngazi. Ngazi ya tisa goti la kulia likaanza kuuma, maumivu yaleyale ya zamani, mahali palepale, ambayo nilikuwa nimeyasahau kwa miezi. Nikakaa na ndoo yangu pembeni nikapumua. Hii ni nusu tu. Ndoo hii na mwenzake nilizibeba kuogea, kulala, kuinama kufunga viatu, kukimbilia gari, miaka na miaka, na sijawahi kuziweka chini hata dakika moja. Nikalia pale, kilio kizuri. Jioni nikatoa gauni nyuma ya mlango nikampa binti wa dada yangu, lilimkaa vizuri.

Ukitaka kujaribu ndoo, jaribu ukiwa umepita mwaka na mgongo wako mzima. Miezi ya mwanzo mizigo mizito hairuhusiwi kabisa, mishono ya ndani haionekani kwa macho.

Tangu hapo nilianza kuandika kwenye daftari mambo mengine zaidi ya kilo. Kiuno kilitoka sentimita 131 kikafika 98. Dawa za presha zilikuwa mbili, sasa ni moja. Sukari haihitaji dawa tena, ingawa naipima. Ile mashine ya kunisaidia kupumua usingizini ilirudishwa. Ghorofa ya tatu napanda bila kusimama. Haya yalianza kubadilika nikiwa bado na kilo mia na kumi na kitu; hata kupungua asilimia 5 mpaka 10 huanza kusogeza presha na sukari. Kama ningeanza upya, lengo langu la kwanza lingekuwa 115, yaani sehemu ya kumi, nikalisherehekea, ndipo nifikirie linalofuata. Na namba ya mwisho nisingeiandika kabla ya mwezi wa kumi na mbili, hata kumi na nane, mwili ukiwa umeshaonyesha unataka kutulia wapi.

Msijilinganishe na mlioingia nao wodini. Mwenzangu wa kitanda cha jirani alifanyiwa baipasi, ni mrefu kuliko mimi, ni kijana kuliko mimi, na kila alichokuwa anapungua alikuwa ananitumia ujumbe. Ilibidi nimwombe tuzungumze mengine, na tukabaki marafiki. Pia chagueni mwanzo mmoja wa kuhesabia. Mimi nahesabu kutoka 128 ya siku ya upasuaji. Kabla ya hapo nilikuwa 133, lakini tano zile zilitoka kwenye ile lishe ya wiki mbili ya kusinyaza ini. Ukichanganya mianzo miwili, asilimia zako hazitakuwa na maana.

Shangazi yangu bado ananiambia: "Mwanangu, wamekukata tumbo lote lile ubaki na 90?" Mwanzoni nilikuwa nanyamaza. Siku hizi namjibu, "Shangazi, nimekuachia ndoo mbili, zinyanyue kwanza." Huwa anacheka, halafu ananiuliza kama nimeshakula.

Napima mara moja kwa wiki, Jumapili asubuhi nikitoka chooni, mizani ileile, sakafu ileile. Mwezi wa kumi na nane nilikuwa 86, kisha polepole nikapanda mpaka nilipo, na nilikuwa nimeambiwa kitatokea hivyo, kwa hiyo sikuogopa. Ndani ya daftari nimeandika mistari miwili kwa wino mwekundu: 88 hadi 93, endelea na maisha. Ikifika 94 wiki mbili mfululizo, piga simu kwa mtaalamu wa lishe. Nimepiga mara moja tu, mwaka jana, tukakuta nimerudia tabia ya kunywa wakati wa kula. Nikarudi kwenye kusubiri nusu saa baada ya kula ndipo ninywe, kilo zikashuka.

Jumapili iliyopita ilikuwa 90.8.