Merikani ya Bibi na mji wa Salem

Kwetu Ng'ambo, Unguja, godoro la sufi halikushonwa kwa kitambaa kingine ila merikani. Bibi alikipima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kisha akakivuta kwa nguvu kama anayetaka kukichana. Kama hakikutoa mlio anaoutaka, kilirudi dukani. Utotoni nilidhani merikani ni neno tu, kama kaniki au bafta, ile pamba nyeupe nyepesi. Siku niliyong'amua kuwa ni jina la nchi nilicheka peke yangu njiani. Ilichukua miaka mingine mingi kujua kwamba biashara ya kitambaa hicho ina mji wake, mji mdogo wa bandari kaskazini ya Boston, unaoitwa Salem.

Novemba iliyopita nilikwenda kumtembelea mdogo wangu Boston. Nilipomwambia nataka kwenda Salem, akacheka.

"Dada, na wewe unafuata wachawi?"

"Nafuata merikani."

Hakuelewa, akanipeleka stesheni hivyo hivyo. Treni inatoka North Station, inapita Chelsea na Lynn, na baada ya kama nusu saa inaingia Salem kando ya maji. Siku hiyo yalikuwa yamekupwa. Harufu ya matope na mwani ikanipiga usoni, nikahisi nimeshuka Malindi, bandarini kwetu Unguja, ila baridi ilinikumbusha haraka niko wapi.

Nia yangu kubwa ilikuwa Peabody Essex, makumbusho yenye asili katika chama cha mabaharia kilichoanzishwa mwaka 1799. Humo kuna picha ya Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, iliyochorwa New York mwaka 1840. Naijua picha hiyo kwa nakala: kilemba, ndevu, macho ya mtu asiyebabaika. Nimefika mlangoni, umefungwa. Ilikuwa Jumanne, na Jumanne hawafungui. Kosa langu, sikuangalia. Nimevuka bahari mbili, nikashindwa kuangalia ratiba.

Basi nikazunguka mjini. Mtu akifika Salem bila kujua kitu, ataondoka akiamini kwamba mji huu haujawahi kufanya jambo lolote ila uchawi. Oktoba ilikuwa imeisha lakini maboga yalikuwa bado vibarazani, yamelegea na kuoza. Maduka yanauza mifagio, kofia ndefu nyeusi, paka wa plastiki. Hata askari polisi wana mchawi juu ya ufagio kwenye beji ya begani. Nilisimama kumtazama mmoja mpaka akaniuliza kama nimepotea.

Kisa chenyewe hakina mzaha hata kidogo. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa hapa kwa tuhuma za uchawi, wanawake 14 na wanaume 5. Wa ishirini, mzee Giles Corey, alibanwa kwa mawe mazito mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Miongoni mwa wa mwanzo kutuhumiwa alikuwa Tituba, mtumwa wa mchungaji. Alikiri, akawekwa gerezani zaidi ya mwaka, akapona kamba. Karibu na makaburi ya zamani ya Charter Street kuna uwanja mdogo uliozungushiwa ukuta wa mawe, na kutoka ukutani yanachomoza mabenchi 20 ya mawe, kila moja na jina, tarehe na namna mtu alivyouawa. Mtu alikuwa ameweka ua jipya kwenye benchi moja. Nilikaa kidogo pale, sikupiga picha.

Kutoka hapo hadi bandarini si mbali. Kwetu tunakula urojo na mishikaki Forodhani tukisahau kwamba jina hilo ni la kazi, mahali pa kulipia ushuru. Salem nao wana forodha yao, jengo la matofali mekundu la mwaka 1819 lenye tai wa rangi ya dhahabu juu ya paa, akiangalia baharini. Mbele yake gati la Derby linaingia majini karibu nusu maili, limenyooka. Siku hizi ni mahali pa kutembeza mbwa. Zamani yalijaa maghala, na mji huu ulikuwa tajiri kwa pilipili manga ya Sumatra kabla ya kutufikia sisi. Nembo yao ya karne ya 19 ina mtu wa Aceh aliyeshika mwavuli, na maneno ya Kilatini kuhusu kufika bandari ya mwisho ya Mashariki yenye mali.

Miaka ya 1820 manahodha wao walianza kutia nanga Unguja. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, meli za kigeni 41 zilihesabiwa bandarini kwetu, na 32 kati ya hizo zilikuwa za Marekani. Za Uingereza 7 tu! Tulivyofundishwa shule, ungedhani Mzungu wa kwanza kufanya biashara ya maana Unguja ni Mwingereza. Mwezi Septemba 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, aliweka saini mkataba na Seyyid Said mjini Muscat, Wamarekani walipe ushuru wa asilimia 5 na basi. Machi 1837 akaja Unguja konseli wao wa kwanza, Richard Waters, mwana wa Salem. Waingereza walileta wa kwao mwaka 1841.

Walichofuata ni pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Sandarusi ilichimbwa ardhini kule Mrima, pwani ya bara, utomvu wa miti ya kale uliogeuka mgumu kama kioo, nao waliuyeyusha kutengeneza vanishi ya fanicha na magari ya farasi. Pembe ziliishia Connecticut, ambako zilichongwa vitana na vibao vya kinanda. Na walicholeta ni merikani, pamba isiyopaushwa, nzito, rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi.

Bara, merikani ilikuwa fedha. Msafara ulitoka Bagamoyo na majora ya nguo vichwani mwa wapagazi. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na kwa doti ulilipa chakula, ulilipa hongo kwa mtemi, ulilipa mchukuzi. Leo mwanamke akinunua doti ya kanga anapata vipande viwili na hajiulizi kwa nini. Nilisimama kwenye gati lile, upepo umenikaba, nikajaribu kupima urefu wake kwa mikono ya Bibi. Nikaacha, mbwa wa watu walianza kunishangaa.

Jambo moja lilinikera, na bado linanikera. Waters aliuchukia utumwa, alikuwa mtu wa dini. Alikuwa rafiki wa biashara wa Jairam Shivji, msimamizi wa forodha ya Unguja, forodha ambamo watumwa walilipiwa ushuru kama shehena nyingine. Nguo aliyouza ilifumwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikaja kwetu kununua pembe, na mara nyingi waliozibeba pembe hizo hadi pwani walikuwa nao watumwa. Uzi ule ulipita mikononi mwa watumwa huku na huko, na katikati kuna watu wa Salem waliokwenda kanisani kila Jumapili.

Si kwamba hapakuwa na aliyeliona. Sarah Parker Remond, mwanamke mweusi aliyezaliwa Salem mwaka 1826, alikwenda Uingereza na mwaka 1859 akasimama Manchester, mji wa viwanda vya nguo, kuwaambia watu pamba yao inatoka mikononi mwa nani. Kuna bustani yenye jina la Remond mjini. Sikuwahi kuifikia, giza la Novemba linaingia mapema mno.

Nilikofika ni maktaba ya mji, Essex Street, jumba kubwa la matofali lililokuwa nyumba ya John Bertram. Huyu alizaliwa kisiwa cha Jersey, akawa nahodha wa Salem, akatajirika kwa biashara iliyohusisha Unguja, na warithi wake wakautoa mjengo huo kwa mji mwaka 1887. Ndani kulikuwa na joto zuri, watoto wamekaa sakafuni na vitabu vya katuni. Nilimwambia mkutubi natoka Zanzibar. Akauliza, kwa heshima, ni karibu na wapi. Nikataka kumwambia iko chini ya miguu yako, mama, chini ya hizi mbao. Nikamwambia ni karibu na Tanzania, jambo ambalo si sahihi pia, lakini ndilo linaloeleweka haraka.

Mwisho nikaelekea mtaa wa The Point kutafuta kiwanda. Wafanyabiashara wa Salem walijenga kiwanda chao cha pamba cha mvuke, Naumkeag, kikaanza kufuma mwaka 1847. Mtaani Kihispania ndicho nilichokisikia zaidi, wakazi wengi asili yao Jamhuri ya Dominika, na harufu ya ndizi za kukaanga ilinitoa udenda. Kiwanda bado kipo, majengo marefu, siku hizi ofisi na shughuli nyingine. Nilitaka kuugusa ukuta uliosikia merikani ikifumwa. Kumbe ule uliteketea. Moto wa Juni 1914 ulichoma zaidi ya majengo 1,300 ya Salem, kiwanda kikiwemo, na ninachokiona kilijengwa baadaye.

Hata hivyo biashara na Unguja ilikwisha kabla ya moto huo. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilikata pamba ya kusini, bei ikapaa, nguo za Uingereza na Bombay zikaingia mahali pake. Bandari ya Salem nayo ina kina kifupi, meli kubwa zikahamia Boston na New York. Mwaka 1870 ndio mwisho wa meli za Unguja kuingia pale. Merikani aliyoivuta Bibi kwa kiwiko ilifumwa India au Japani, wala hakuna aliyeona haja ya kuibadili jina.

Nikirudi stesheni nilipita duka la vitambaa. Nikauliza pamba isiyopaushwa, nzito kuliko zote walizonazo. Nikakatiwa yadi mbili, shuka moja kamili kwa hesabu ya zamani. Nikasoma kibandiko kwenye jora: imetoka India.

Asubuhi yake nilimpigia Bibi kwa video, kwao jioni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshafika huko kwenye merikani yako?"

Nikainua kitambaa mbele ya simu. Akakikodolea macho muda mrefu.

"Kivute."

Nikakivuta.

"Vuta tena, sijasikia."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

"Hiyo bafta," akasema, akamgeukia mtu mwingine chumbani kumuuliza kama chai imeshachemka.