Seva ya RAID ikigoma, muda huliwa wapi

Seva ikilala, swali ni moja tu: itarudi lini? Mzee mwenye ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Mombasa aliniuliza mbele ya wafanyakazi wote, na alikuwa na haki. Makontena ya wateja yalikuwa yamekaa Kilindini, hati zake zimo ndani ya seva, na siku za bure bandarini zikiisha ada huanza kupanda kila kukicha. Nikamwambia, "Mzee, nivumilie mpaka kesho asubuhi nikupe jibu la kweli." Hakupenda, lakini alikubali.

Seva ilikuwa na diski nne za terabaiti 4 kila moja, zimepangwa kwa RAID 5, yaani data inakatwa vipande na kugawanywa kwenye diski zote, pamoja na hesabu za ziada (pariti) za kujazia diski ikipotea. Mpango huo unavumilia diski moja kufa. Ya pili ikifuata, kila kitu kinafungwa. Kwetu moja ilikuwa imeshatoka kitambo, na waliotufungia seva hawakuwa wameweka tahadhari yoyote ya kutuarifu. Kisha stima ikapotea usiku, na iliporudi diski ya pili ikagoma.

Wengi hapo hukimbilia kutia diski mpya na kuamuru seva ijijenge upya. Tafadhali usifanye hivyo. Kujenga upya kunazilazimisha diski zilizobaki kusomwa mwanzo mpaka mwisho, na iliyochoka inaweza kufa papo hapo. Ukiirudisha ile iliyotoka zamani kana kwamba ni nzima, ni balaa zaidi: data ya kale inachanganyika na ya sasa. Nilizima seva, nikabandika namba kwenye kila diski kufuatana na tundu lake, ndipo nikazitoa.

Kinachokula muda ni kunakili. Kila diski inasomwa yote, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine nzima, na zile za asili haziguswi tena. Diski ya terabaiti 4 ikisoma megabaiti 150 kwa sekunde inamaliza kwa saa saba na nusu hivi. Kasi ikishuka hadi megabaiti 10, ni siku nne na nusu. Ikishuka hadi megabaiti 1, ni mwezi na nusu. Anayekutajia muda kwa simu kabla hajaziona diski zako anabahatisha.

Zile mbili nzima zilinakilika usiku ule. Iliyogoma ndiyo iliyonitoa jasho. Nilitumia ddrescue, programu ya bure ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huruka zenye kasoro, kisha huzirudia kidogo kidogo. Tena huweka rekodi, hivyo ukiisimamisha inaendelea pale ilipoachia. Niliielekezea diski feni, maana joto letu la pwani halikuwa likiisaidia, nikawa naisikiliza. Penye kasoro kasi ilikuwa ikianguka hadi sifuri, halafu inapanda tena. Ingekuwa inagonga tak, tak, tak tangu kuwashwa, ningeizima mara moja: mara nyingi hapo vichwa vya kusomea vimeharibika, na kuvibadilisha ni kazi ya chumba kisicho na vumbi na vipuri vya diski ya aina ileile. Kuvitafuta vipuri hivyo pekee kunaweza kuchukua wiki.

Asubuhi nilimweleza mzee: mbili tayari, ya tatu ni siku kadhaa, je, mnataka faili zipi kwanza? Mhasibu akaandika orodha papo hapo, makontena yaliyoko bandarini yakiwa juu kabisa.

Kuziunganisha nakala hakukuchukua muda. Tatu zinatosha, kwa sababu pariti inajaza pengo la ya nne. Unahitaji mfuatano wa diski, ukubwa wa vipande (kwetu kilobaiti 64) na jinsi pariti inavyozunguka. Hapa usidanganyike: mfuatano ukikosewa, faili ndogo bado zinaweza kufunguka vizuri. Mimi nilifungua PDF za kurasa nyingi, ukurasa kwa ukurasa hadi wa mwisho, kabla ya kuamini.

Faili za makontena zilitoka kwanza, na makarani wakaanza kazi siku hiyo hiyo. Picha na barua za miaka ya nyuma zikafuata. Sehemu zisizosomeka ziliangukia hati chache za zamani; nilitoa orodha yake, dada wa mapokezi akazitafuta kwenye majalada ya karatasi, tukazipiga skani upya.