Mbwa wa mgongo mrefu na mizani ya keki

Nilifanya kazi ya upishi miaka 14 kwa mama mmoja wa Kitaliano, upande wa Casuarina hapa Malindi. Wenyeji mnajua, Wataliano walianza kuzoeleka huku tangu siku zile za kurusha roketi zao kule Ngomeni, na wengine wamezeekea papa hapa. Mama wangu naye alizeeka, miguu ikamshinda, watoto wake wakaja kumchukua. Nyumba ikauzwa, vitu vikagawanywa. Mimi nikapata mizani ya jikoni aliyonifundishia kupimia unga wa keki, mizani ya kusimamia iliyokuwa bafuni, na Pippo.

Pippo ni mbwa mdogo, mgongo mrefu kama ngalawa, miguu mifupi hata tumbo linakaribia kufagia sakafu. Wataliano huwaita bassotto, ingawa huyu wangu amechanganyika, masikio yake nadhani aliyachukua kwa mbwa wa Maweni. Alikuwa na miaka 7 nilipomleta kwangu.

Kwa mama alikuwa akila punje kavu za kutoka kwenye mfuko. Ule mfuko ulipokwisha sikununua mwingine. Nilikulia Msabaha, na kwa baba mbwa walikula ukoko wa ugali na kilichobaki chunguni, wakaishi. Basi Pippo naye akala ugali, wali wa nazi, mchuzi wa samaki. Siku mbili alinuna, ya tatu akalamba sahani mpaka ikahama mahali pake. Nilichosahau ni kwamba mbwa wa baba walishinda wakifukuza nyani shambani, na huyu kazi yake kubwa ni kuhama kutoka kivulini kwenda kivuli kingine.

Baada ya miezi minane hivi, asubuhi moja akashindwa kupanda kidato cha baraza. Kimoja tu. Akasimama pale ananitazama, mgongo ameukunja, na nilipomshika akalia.

Daktari wa mifugo alimbonyeza mgongo taratibu, akampandisha mizani: kilo 8.1. Akanishika mkono, akauweka ubavuni mwa mbwa. "Mama, nitafutie mbavu." Sikuziona. Akaniambia mbwa wa umbo hili vile vijito laini vilivyo kati ya pingili za uti wao huharibika upesi, na kila kilo ya ziada ni mzigo unaoning'inia katikati ya daraja. Akataka ashuke mpaka kilo 6. Alikuwa pia akijikuna sana mkiani, nami nilishajiambia ni chakula. Daktari akacheka, akachana manyoya kwa vidole, akanionyesha vinyesi vya viroboto, vidogo vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. "Tuanze na hawa kabla ya kulaumu chakula." Akampa dawa ya viroboto na ya minyoo, na ile ya kujikuna ikaisha yenyewe. Nalitaja hili kwa sababu ningeweza kumaliza mshahara nikinunua mifuko ya bei kwa ajili ya viroboto.

Sasa chakula. Nilianzia agroveti, penye gunia liko wazi mlangoni na kijana anachota kwa kopo. Bei ilinivutia. Nikainama nikanusa, nikapata harufu ya mafuta ya kukaangia samaki yaliyolala wiki. Ilikuwa ni masika, na masika ya Malindi mnayajua, hata chumvi inalia maji kwenye kopo. Vyakula hivi vingi vina mahindi ndani yake, na mahindi yakipata unyevu huota kuvu inayotoa sumukuvu. Hapa Kenya hatuhitaji kusimuliwa. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125, wengi wao Ukambani. Mbwa naye ini lake huharibiwa na sumu hiyo hiyo, na mwenye kilo 6 haihitaji nyingi. Gunia lisilo na karatasi wala tarehe nikalipita.

Supamaketi nilikuta mifuko mingi kuliko nilivyodhani, na hapo ndipo Kitaliano cha jikoni kiliponifaa. Mfuko wa kwanza ulikuwa mzuri, picha ya kuku mzima wa kuokwa, na maandishi ya Kitaliano yasemayo kwamba ni chakula "chenye kuku". Nikautia kwenye kikapu. Kumbe neno hilo lina kanuni yake kule Ulaya: kikiandikwa "chenye" kitu fulani, inatosha kitu hicho kiwe asilimia 4. Kikiandikwa "chenye kuku kwa wingi" ni 14, na kikiitwa "kuku" moja kwa moja angalau 26. Nyuma ya mfuko, kwenye mabano madogo, ilikuwapo ile 4 yenyewe. Picha ya kuku mzima, ndani ni kama kuku aliyepita karibu.

Mfuko wa pili ulikuwa mdogo, wa kupendeza kama wa peremende. Huu ulikuwa umeandikwa "complementare", yaani ni cha kuongezea tu, hakimtoshi mbwa kama mlo wake. Neno la kutafuta ni "completo". Kama unasoma mifuko ya Kiingereza kanuni ni ile ile: lazima paandikwe kwamba ni chakula kamili, na ni kamili kwa mbwa wa umri gani. Cha watoto wa mbwa kina nguvu nyingi, kwa mzee mnene kama Pippo hakifai.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na picha za migongo ya mifuko kwenye simu. Jioni tukakaa na mwanangu, yuko gredi ya nane, tukazisoma kama mtihani.

Viungo huandikwa kwa uzito, kilicho kingi mbele. Lakini hupimwa kabla ya kupikwa, na kuku mbichi sehemu kubwa yake ni maji, asilimia 70 hivi. Kwa hiyo "kuku mbichi" akitajwa wa kwanza, akishakaushwa hurudi nyuma ya nafaka. Nyama iliyokaushwa na kusagwa haivutii kwa jina ila ikitajwa ya kwanza ni ya kwanza kweli. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili: kilo ya papa mbichi na kilo ya ng'onda aliyekaushwa si kitu kimoja. Kijana naye akagundua ujanja mwingine: mfuko mmoja ulitaja mahindi, halafu unga wa mahindi, halafu protini ya mahindi, kila kimoja mahali pake ili nyama ionekane imetangulia. Ukiyajumlisha, mahindi ndiyo bwana harusi.

Halafu yale majedwali ya asilimia. Wanga hauandikwi, lakini unapatikana kwa kutoa: chukua 100, ondoa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Majivu si ya jikoni, ni madini, mengi ya mifupa. Mfuko mkubwa wa bei nafuu ulikuwa na protini 18, mafuta 6, nyuzinyuzi 6, majivu 10, unyevu 12. Zikabaki 48 za wanga, karibu nusu ya mfuko. Mwingine, wa bei ya katikati, ulitanguliza kuku iliyokaushwa, kisha mchele. Protini 27, mafuta 12, nyuzinyuzi 4, majivu 7, unyevu 10. Wanga 40. Huu ndio niliouchagua. Protini nyingi ilikuwa muhimu, maana mbwa anayepunguzwa akikosa protini hukonda misuli, na misuli ndiyo inayoubeba ule mgongo. Tena punje zake zilikuwa ndogo, kama mbaazi. Punje za mbwa wakubwa Pippo huzimeza nzima kisha hukohoa kama mzee wa tumbaku.

Ulikuwapo na mfuko wa "bila nafaka", ghali kuliko yote, dengu na viazi kwa wingi. Mwenzangu aliyefanya kazi kwa Wazungu wa Watamu alinisisitizia ndio bora. Nikauacha. Tangu 2018 wakala wa chakula na dawa wa Marekani alikuwa akichunguza kama vyakula vya namna hiyo vina uhusiano na ugonjwa fulani wa moyo wa mbwa. Chanzo hakikuthibitishwa, lakini Pippo hana neno na mchele, basi nikimbie mchele kwa nini?

Mfuko wa kilo 3 ulinitoka shilingi 2,900. Niliulipia kwa pesa alizoniachia yule mama wa Kitaliano, sitadanganya kwamba zilitoka mfukoni mwangu. Nikamwanzishia kidogo kidogo kwa siku 10, robo mpya na robo tatu ya ugali wake, kisha nusu kwa nusu, hivyo hivyo mpaka ugali ukaisha. Ukibadilisha ghafla utafagia uwanja.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nilifuata jedwali la kwenye mfuko, gramu 130 kwa mbwa wa kilo 8. Mwezi mzima, na mizani haikusogea. Nikachukia mfuko, nikataka kuununua ule wa dengu. Daktari akaniuliza swali moja tu: "Unamlisha mbwa wa kilo 8 au unayemtaka wa 6?" Akanipa hesabu yake, nami naiandika hapa kwa sababu ilinifaa kuliko jina la chakula chochote.

Chukua uzito unaoutaka, uzidishe kwa wenyewe mara tatu: 6 mara 6 mara 6 ni 216. Tafuta kipeuo cha pili kwenye simu, 14.7. Kipeuo cha pili tena, 3.83. Zidisha kwa 70, unapata kalori 268. Hizo ndizo za kutwa kwa mbwa anayepunguzwa. Aliye sawa na mchangamfu hupewa zaidi, kama mara moja na nusu. Mbwa wa kilo 30 ukimpigia hesabu hiyo hiyo anapata kama kalori 30 kwa kila kilo, na Pippo ni 45. Mdogo ana moto zaidi tumboni, lakini jumla yake ni ndogo mno, na hapo ndipo tunapokosea kwa kuchota kwa macho.

Mfuko haukutaja kalori, tukazitafuta. Protini na wanga, kila gramu kalori 3.5, mafuta 8.5. Kwa gramu 100 za chakula changu: 94.5, jumlisha 140, jumlisha 102, karibu 337. Gawanya, jibu ni gramu 80 kwa siku. Mimi nilikuwa nampa 130.

Nikaitoa mizani ya keki. Kikombe cha chai nilichokuwa nikipimia, nikijazia kwa huruma kilibeba gramu 20 zaidi ya nilivyokijaza kwa hasira. Tangu hapo ni mizani, gramu 40 asubuhi na 40 jioni.

Kisha kukawa na vita vya mahamri. Vya pembeni visizidi sehemu ya kumi ya kalori za siku, yaani 27, na hata nusu hamri inazipita. Watoto wangu niliwaweza. Aliyenishinda ni bibi wa nyumba ya pili, mzee wa Shela, ambaye Pippo hamgusi wala yeye hamgusi Pippo, kwa sababu ya udhu wake. Lakini kila alfajiri akimaliza kukaanga alimrushia moja juu ya ukuta. Nikaenda.

"Shikamoo bibi. Naomba usimpe tena mahamri, daktari amekataza."

"Marahaba mwanangu. Mimi simpi. Linaniponyoka."

"Kila siku bibi?"

"Mikono ya uzee."

Tukaelewana kwamba liponyoke tango. Kipande cha tango hakina kalori za kusumbua, na Pippo hulikimbilia vile vile. Mchuzi nao nikaukata kabisa, wenye kitunguu hasa. Kitunguu na saumu huharibu damu ya mbwa.

Chakula nakihifadhi kwenye mfuko wake uleule, nimeukunja mdomo na kuubana kwa kibanio cha nguo, ndani ya debe lenye kifuniko. Kumimina moja kwa moja debeni ni kosa, mafuta hushika ukutani yakaoza, na tarehe unaitupa pamoja na mfuko. Kilo 3 zinamfikisha siku 37, na ndio maana sinunui kilo 10 hata zikiwa na punguzo. Meno nampiga mswaki wa mtoto, bila dawa ya meno ya watu. Waliosema punje kavu zinasafisha meno zenyewe hawajamfungua Pippo kinywa.

Kumpima, nasimama mizanini naye mikononi, kisha bila yeye, natoa. Wiki ya kwanza gramu 100, ya pili hakuna, ya tatu 200. Miezi mitano ikafika 6.2, na mbavu nazipapasa kama vifundo vya vidole chini ya kitambaa. Kidato anakipanda. Nimemwekea kigunia hapo hata hivyo, asiruke.

Mwezi wa Mei Wataliano wakarudi kwao, kusi ikaingia, na rafu ya supamaketi ikabaki tupu. Nimeuliza, wanasema labda Julai. Nina gramu 900 debeni. Juzi nimeagiza kwa duka moja la Mombasa wanitumie picha za mifuko waliyonayo, wakatuma za mbele tupu. Nimewajibu wageuze.