Siku ya kumwaga slabu, wale mnaodhani formeni kazi yake kufoka tu

Saa 10 na nusu alfajiri nishaamka, sio alamu, ni wasiwasi. Siku ya kumwaga zege la slabu, ile sakafu ya juu, hulali vizuri, ukifumba macho tu unaona mirunda, ile miti inayoibeba kwa chini, inateleza. Watu wanajua formeni ni yule jamaa wa kukaa kivulini mikono kiunoni anafokea saidia fundi. Haya twende wote.

Saa 12 nipo saiti, Goba. Kabla ya chai napanda juu kukagua nondo, upande wa ngazi hakuna biskuti, vile vipande vya zege vya kuinua nondo isilale kwenye mbao. Wa kukagua jana jioni nilikuwa mimi. Nkawaambia vijana hapa nimezembea mimi, tukapiga magoti tukazipanga.

Saa 2 mikseri ikaanza kuunguruma, moja mbili nne, simenti mchanga kokoto, ndoo zinapanda mkono kwa mkono mpaka saa 5.

Saa 5 akaja mwenye nyumba. Aisee. Hata shikamoo hajaitikia vizuri, "fundi zege lenu gumu, ongezeni maji, mikseri nimekodi siku moja!" Nkamwambia mzee, maji yakizidi, yakija kukauka yanaacha vitundu, zege linakuwa dhaifu na linapasuka. Akasema jirani yake alimwaga kama uji na nyumba ipo. Nkasema sawa mzee, ila hii ntaulizwa mimi. Akaniacha akamvaa dogo anayepima maji, anamfokea mpaka mate yanaruka, dogo kashika ndoo ananiangalia tu. Nkashuka nkasimama katikati yao, "mzee huyu anafuata nilichomwambia, nigombeze mimi." Akanigomba kweli, kama dakika 20, mpaka na shule niliyosoma akaiulizia, na mi nimekaa kimya namsikiliza huku sikio moja liko juu, ndoo zinapanda kama kawa.

Nilishakuwa chini ya nyapara mmoja, bosi akifoka tu anakunyooshea wewe kidole. Basi tulikuwa tunamficha kila kitu, mfuko wa simenti ukilowa tunauchanganya hivo hivo, kimyaaa.

Baada ya wali maharage mkanda wa mikseri ukakatika. Fundi wake simu hapatikani. Na zege halikusubiri, ukiliacha likakauka ukaja kuunga jipya pembeni, hapo ndo mvua itakapopitia, kwa iyo nkavua shati nkashika chepe, tukageuza kwa mkono, mifuko ya kilo 50 mmoja baada ya mwingine, mgongo unawaka, sijui hata ilikuwa saa ngapi, nakumbuka tu adhana ya magharibi na bado kona moja.

Tumebakiza hatua kama tatu, yule dogo wa maji akanivuta pembeni. "Kaka, ile ya mwisho nimezidisha maji. Mikono imeisha, likiwa jepesi linageuka kirahisi."

Nilitamani kulia. Hakuna aliyemuona, angenyamaza tu.

Tukaichota yote na makarai ikiwa bado mbichi, tukaimwaga nje, tukachanganya nyingine kwa tochi za simu. Mi nageuza, yeye anapima maji.

Saa 4 usiku nipo kwenye daladala, vidole vimeliwa na simenti hata nauli siwezi kuihesabu. Kesho asubuhi naanza kulimwagilia zege maji lisikauke haraka, siku 7.