Gego la titani na miezi 4 ya kungoja

Gego langu la chini kushoto lilipong'olewa, niliachiwa pengo nikalizoea. Kwetu Mikindani pengo halimshangazi mtu. Lakini upande ule sikuweza tena kutafuna, na jino la nyuma likaanza kulalia pengoni. Daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, nililikataa, kwa sababu lazima wachonge meno mawili mazima yalibebe. Nikachagua jino la kupandikiza, yaani skrubu ya madini ya titani inayokazwa ndani ya mfupa wa taya kisha jino hufungwa juu yake, ghali kuliko yote, na mara 4 nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam.

Safari ya kwanza walipiga eksirei tu kupima mfupa wa taya, wakaniuliza habari za kisukari na sigara. Nilirudi nimenuna. Sasa nawashukuru, maana sukari iliyopanda na tumbaku huzuia kidonda kupona, skrubu ikakataa kushika.

Siku yenyewe daktari aliniambia, "Mama, ukisikia maumivu inua mkono." Sikuinua. Ganzi iliua taya lote. Nilichosikia ni mtikisiko wa keekee mpaka sikioni, na maji ya baridi yanayomwagwa ili mfupa usiungue. Skrubu ya titani ikakazwa taratibu, ufizi ukashonwa.

Uchungu ulikuja jioni. Siku ya 3 shavu lilivimba kuliko siku zote, kisha likaanza kushuka. Nilikunywa uji uliopoa, nikasukutua kwa maji ya chumvi, na ulimi haukuacha kuchezea zile nyuzi, ngumu kama ncha za mshipi. Dada alichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, nikaishia kunusa mvuke. Nyuzi nilitolewa hapahapa Mtwara.

Halafu ikaja miezi 4 ambayo hakuna aliyenitayarisha nayo. Hakuna maumivu, hakuna jino. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, hela zote zile na pengo bado lipo?" Nikamwambia ni kama mkorosho uliobebeshwa: kikonyo kilichopachikwa hakijashikana na shina, ukikitikisa umekiua. Mfupa nao lazima ukue ushikane na titani kwanza. Yeye ana shamba, akaelewa papo hapo.

Safari ya 3 daktari aligonga skrubu kwa kijiti cha chuma, ikalia kwa mlio mkali wa chuma, dalili kwamba mfupa umeishika, akatabasamu. Wakachukua vipimo, na safari ya 4 wakanifungia jino. Halitoboki, lakini ufizi wake ukiugua mfupa huliwa, kwa hiyo kila usiku napitisha uzi wa meno.

Shangazi aliniambia nipanue kinywa. Akachungulia, akahesabu kwa kidole, asijue ni lipi.