Siku moja kliniki ya afya ya akili: fundi cherehani na faili lake

Saa 1:30 asubuhi napokea zamu. Kufikia saa 3 nimeshachoma sindano nne za dawa ya akili, zile za mara moja kwa mwezi. Wanaodhani tunawakamata watu kwa nguvu wangeshangaa: mmoja alichagua bega, mwingine aliomba mkewe afike kwanza. Nikasubiri.

Saa 4 anaingia dada mmoja, fundi cherehani, mwenye baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi. Ameletwa na kaka yake. Faili linasema kwa wino mwekundu: "Anakataa dawa." Namuuliza dada usingizi vipi, anajibu kaka. Chakula je? Kaka tena. Nikageuza kiti, kaka nikampa mgongo. Si adabu, najua.

Ikapita kimya ndefu. "Hii dawa yangu, lithiamu, inanitetemesha mikono, sista. Siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano."

Faili hilo tumelishika wengi, nami nikiwemo. Hakuna aliyewahi kuuliza anafanya kazi gani.

Basi tukapanga njia zote mezani. Kurudia lithiamu kwa dozi ndogo: kiwango cha dawa kwenye damu yake mara ya mwisho kilikuwa 0.9, tulenge 0.6, tupime tena baada ya wiki, zikiwa zimepita saa 12 tangu kidonge cha mwisho. Au dawa nyingine, olanzapini: mikono itatulia, lakini uzito na usingizi vitaongezeka. Valproeti, dawa ya tatu ya ugonjwa huu, niliitaja ili nieleze kwa nini haimfai, maana anatamani mtoto na dawa hiyo hudhuru mimba. Lithiamu nayo akipanga mimba aje tuzungumze mapema. Au asinywe chochote, na hapo sikumficha: aliacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo.

"Sista, siku hizi mgonjwa ndiye anayempangia daktari?"

Nikamwambia kaka kwamba safari iliyopita tulipanga bila kumuuliza dada, na vidonge vikalala kabatini. Kisha nikamuuliza ugonjwa ukianza huonaje. Kumbe anajua kuliko sisi: dada hulala kwa muda wa saa tatu tu, usiku wa manane anakata vitambaa. Tukaandika hilo, na namba ya kupiga.

Dada akachagua dozi ndogo. Mimi ningechagua olanzapini. Daktari akakubali, akamwonya juu ya ibuprofeni, dawa ya maumivu inayoweza kupandisha lithiamu kwenye damu.

Dakika 52. Foleni inanung'unika, mwenzangu anauliza kama nimemaliza soga. Baada ya hapo sikumbuki saa. Wagonjwa, simu, chai iliyopoa, miguu kuwaka moto.

Jioni nikalifungua tena lile faili. Maandishi hatufuti. Chini ya ule wino mwekundu nikaongeza: "Fundi cherehani. Mikono inatetemeka."